Saa Kuukuu, Kutoka Makoroboi Hadi Nansio

Jumatatu, Makoroboi

Basi kutoka Tabora liliingia Nyegezi, Mwanza, jua likiwa bado juu, nikadandia daladala ya mjini bila hata kupitia gesti. Begi langu ni dogo: lenzi ya jichoni, kisu chembamba cha kubandulia mgongo wa saa, mpira mdogo unaonata, kitambaa laini, na simu yenye programu ya kusikiliza mapigo. Mpira huo huwachekesha watu mpaka wauone kazini. Unaukandamiza kwenye mgongo wa saa unaofungwa kwa kuzungusha, unauzungusha, mgongo unalegea bila kuachwa alama. Fundi mwenye haraka hutumia koleo, na kovu la koleo kwenye chuma halifutiki.

Nanunua saa za mkononi za zamani. Nyingine naziuza baada ya kuzifanyia huduma, nyingine nashindwa kuachana nazo. Mwanza inanifaa kwa kazi hii kwa sababu ya historia yake. Reli ilifika hapa mwaka 1928, meli za ziwani zilikuwa na mabaharia na mainjinia wao, na pamba iliwaingizia wakulima wa Usukumani fedha ya msimu. Fedha ya msimu haikai mfukoni. Ilikwenda kwenye baiskeli, redio na mabati, na kwa wengine ikaenda kwenye saa.

Makoroboi, katikati ya mikanda, chaja na miwani, utakuta meza za saa. Nyingi ni mpya za bei ya chini. Zipo Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki iliyotoka mwaka 1989 na haijaondoka sokoni hadi leo. Hiyo ina kipimo chake cha haraka: bonyeza kitufe cha kulia na ukishikilie sekunde tatu, kioo kitaandika jina la kampuni. Isipoandika, rudisha mezani. Ikiandika, bado angalia vizuri, maana wenye kuiga nao wanajifunza.

Saa kuukuu zenyewe haziwekwi juu ya meza. Ziko chini, kwenye kopo la maziwa ya unga, na lazima uulize. Kijana wa meza ya kwanza alinitolea Seiko 5 yenye uso wa rangi ya chungwa, inang'aa hadi unakunja macho.

"Bosi wangu, hiyo orijino. Elfu themanini, bei inazungumzika."

Akaanza kuzungusha ufunguo wa pembeni kwa nguvu, eti anaijaza. Nikamwacha. Seiko 5 za miaka ile hazijazwi kwa ufunguo. Zinajijaza zenyewe kwa bamba zito linalozunguka ndani mkono unapotembea. Ndiyo ahadi ya kwanza kati ya tano zilizotolewa saa hizo zilipoingia sokoni mwaka 1963: ijijaze yenyewe, ioneshe siku na tarehe kwenye dirisha moja, ivumilie maji, ufunguo wake ujifiche upande wa namba nne, na mwili wake uwe imara. Ukimwona muuzaji anajaza Seiko 5 ya zamani kwa vidole, umeshajua kiasi anachokijua. Hilo halimfanyi mwongo.

Nikaigeuza. Mgongoni tarakimu zinaanza na 6119, yaani aina ya mashine, halafu baada ya kistari zinafuata namba za mwili. Nikaomba ruhusa, nikaufungua kwa mpira. Mashine iliyokuwamo imeandikwa 7009. Mwili wa mmoja, roho ya mwingine. Nikageukia uso kwa lenzi. Seiko huandika chini kabisa, pembezoni mwa namba sita, herufi na tarakimu ndogo sana zinazotaja mashine ambayo uso huo ulitengenezewa. Hapa hapakuwa na kitu. Rangi ya chungwa ilikuwa nene, imemwagikia kidogo ukingo wa dirisha la tarehe, na neno la pili kwenye uso lilikuwa limelala upande. Huu ni uso uliopakwa upya. Saa za namna hii hutoka sana India: Seiko, Favre-Leuba, HMT, zote zinavuliwa, zinapakwa rangi za sikukuu, zinauzwa upya. Zinakwenda vizuri tu na zinapendeza mkononi. Ila anayelipia uzee wake analipia kitu ambacho hakimo.

Nilimpa bei ya vipuri, elfu ishirini na tano. Akacheka, akaniambia namtania. Tukaagana vizuri.

Jumanne, Mlango Mmoja

Hapa ni dunia ya mitumba. Saa hazina meza yake. Zinakuja kwa bahati, ndani ya pochi na mifuko ya makoti, kisha zinakusanywa kwenye bakuli la yule mama anayeuza mikoba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Chagua, zote ni nzima, betri tu ndiyo imekwisha."

"Betri tu" ni maneno ya kuyaogopa. Saa ya betri huendeshwa na kipande cha kwazi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na Seiko waliuza ya kwanza ya mkononi sikukuu ya Krismasi mwaka 1969, ikiitwa Astron, kwa yeni 450,000. Miaka kumi baadaye teknolojia hiyohiyo ilikuwa imeshuka bei kiasi cha kuwafungisha kazi mafundi wengi wa Uswisi. Kwa hiyo saa ya betri ya zamani, isipokuwa za mwanzo kabisa, haina bei kwa uzee wake. Tena betri ikiachwa ndani miaka mingi huvuja, na ule unga wa kijani hula saketi. Nilifungua kadhaa nikaukuta unga. Moja ilikuwa safi, ndogo ya kike, nikainunua elfu tano kwa ajili ya mke wangu, ambaye najua ataniuliza kwa nini nimemletea saa iliyosimama.

Chini ya bakuli niliikuta Orient, otomatiki, imeandikwa vito 21, yaani vijiwe vya kupunguza msuguano ndani ya mashine. Ina kitufe cha ziada juu ya ufunguo, upande wa namba mbili. Wengi hudhani ni cha kusimamisha sekunde, kumbe ni cha kuruka siku za wiki. Nikakibonyeza: Jumanne ikawa Jumatano, kwa mruko mkavu usio na kusita. Kitufe hiki kikiwa kimeganda, mara nyingi maji yamepita humo. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya chai ukingoni, sawasawa pande zote, na mishale nayo ina uchakavu unaolingana na uso. Kulingana huko ndiko ninakokutafuta. Saa yenye uso uliochakaa na mishale mipya imebadilishwa mishale. Yenye mishale iliyochakaa na uso mpya imebadilishwa uso. Zikichakaa pamoja, zimezeeka pamoja.

Mama alitaka arobaini. Nikampa thelathini na tano na wala sikujikakamua, maana aliniachia nikae kwenye kigoda chake karibu saa nzima.

Kulikuwa na nyingine kwenye bakuli ambayo sikuichukua, ndogo ya Uswisi ya kutia ufunguo, ya kati ya vita na uhuru kwa umbo lake. Namba zake zilipakwa ile rangi ya kuwaka gizani, sasa imekuwa ya kahawia. Chini ya namba sita imeandikwa Uswisi peke yake, bila herufi T kila upande. Herufi hizo zilianza kuwekwa miaka ya 1960 kuonesha kuwa rangi ni ya triti. Kabla ya hapo ilikuwa radiamu, kemikali yenye mionzi, na hii ndiyo inayotakiwa kuheshimiwa. Mwanga wake umekufa kwa sababu kemikali inayowaka imechoka. Mionzi yenyewe haijachoka, kwani nusu yake hudumu miaka 1,600. Ikiwa imefungwa na kioo chake kizima, siyo ya kukimbiwa. Hatari ni kuifungua na kukwangua, unga ukaingia puani. Nilimwambia mama asimpe mtoto aichezee wala asiruhusu mtu aifungue pale sokoni. Akaifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaniuliza kama basi sasa bei yake ipande.

Jumatano, kibarazani kwa fundi

Fundi ninayemwendea yuko kibarazani, chini ya ngazi ya jengo la zamani, si mbali na Barabara ya Nyerere. Meza yake ni sanduku lenye kioo, taa moja, na vikombe vya soda vilivyofunika mashine zilizo wazi ili vumbi lisiingie. Umri wake umepita sabini. Alijifunza kazi kwenye duka la Mhindi, kufagia kwanza, kisha kuosha sehemu kwa petroli, na kushika kibanio baadaye sana.

Nilimkabidhi Orient. Nikawasha programu kwenye simu nimwoneshe. Saa ya aina hii hupiga mara 21,600 kwa saa, mapigo sita kila sekunde, na simu ikiwekwa karibu na kusikia kila pigo hukuambia inazidi au inapungua sekunde ngapi kwa siku, na gurudumu la balansi, lile linaloyumba huku na huko kupima mwendo, linajipindua kwa nyuzi ngapi. Nyuzi 250 kwenda juu ni afya. Chini ya 200, saa inaomba huduma.

Mzee hakuiangalia simu. Alishika saa sikioni, akaigeuza uso chini, akasikiliza tena.

"Imekauka mafuta. Tena inakimbia."

Simu ikasema nyuzi 185, inazidi sekunde arobaini na kitu. Sikusema neno. Yeye ndiye aliyecheka.

Nikataka kujua kama kukimbia huko ni sumaku. Saa iliyolala karibu na spika huvutwa, springi ya balansi inanatana, saa inaenda mbio. Kipimo chake ni dira ya kwenye simu: sogeza saa taratibu, dira ikiyumbayumba, kuna sumaku. Haikuyumba. Kwa hiyo ni uchafu na ukavu tu, elfu ishirini na tano za huduma, na kazi yake nilikaa kuiangalia hadi jioni.

Tulibishana kuhusu nyuso. Nilimsimulia ile ya chungwa ya Makoroboi kwa dharau, akaweka kibanio chini.

"Nani kasema ni mbaya? Mteja wa hapa anavaa saa harusini, anataka ing'ae. Uso wenye madoa atasema nimemuuzia kitu cha marehemu."

Nikamwambia wanunuzi wa nje, na sasa hata wa Dar es Salaam na Arusha, wanalipa zaidi kwa uso wenye madoa kuliko uliopakwa.

"Basi wauzie wewe madoa. Mimi natengeneza saa za watu wanaotaka kujua ni saa ngapi."

Ana haki yake. Lakini nilipomwuliza yeye mwenyewe anavaa nini, akavuta mkono wa shati: Citizen ya zamani, kioo kimekwaruzika hadi mishale haionekani vizuri, uso haujaguswa na mtu. Nilimtazama, akajifanya anatafuta bisibisi.

Aliniambia zaidi kuhusu saa za wavuvi. Maneno ya kuvumilia maji mgongoni huwadanganya watu wa mwaloni. Oringi, ule mpira wa duara unaozuia maji, hukauka na kupasuka. Saa iliyovumilia mvua ilipokuwa mpya, leo inaingiza unyevu wa jasho. Mvuvi wa dagaa anakaa ziwani usiku wa giza, taa zimewaka, mikono majini, kisha asubuhi saa inaoteshwa jua juu ya mtumbwi. Maji yaliyokuwamo yanakuwa mvuke, yanashika chini ya kioo, yanarudi kuwa maji. "Mhimili wa ufunguo ndio unaoanza kuoza," alisema. "Wewe ukinunua kwa mvuvi, vuta ufunguo kwanza. Ukitoka na unga mwekundu, rudisha." Ni ushauri bora kuliko wowote niliowahi kuusoma.

Lile kopo lake la mashine mbovu aligoma kuniuzia. Ndilo duka lake la vipuri. Seiko zilizokufa ndizo zinazofufua nyingine.

Alhamisi, majini

Meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, zaidi ya saa tatu. Ziwa limetulia. Nililala.

Ijumaa, Nansio

Mwenyeji wangu, shemeji yangu kwa upande wa dada, alikuwa ameshapitisha habari kwamba kuna mtu wa saa. Kwenye kisiwa habari haihitaji bando. Asubuhi walikuwa wamekaa barazani wakinisubiri, wengine na saa za ukutani.

Wa kwanza alikuwa mzee aliyewahi kuwa karani wa chama cha ushirika enzi za pamba. Alivua Seiko 5 mkononi palepale. Mashine 6119 mgongoni, 6119 ndani, 6119 kwa maandishi madogo usoni. Namba ya mfululizo inaanza na 1 kisha herufi N. Kwa Seiko wa wakati huo tarakimu ya kwanza ni mwaka na inayofuata ni mwezi: 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, O ni Oktoba, N ni Novemba, D ni Desemba. Tatizo ni kwamba 1 inaweza kuwa 1971 au 1981, kwa sababu muongo hauandikwi. Hapo ndipo aina ya mashine inapoamua: 6119 ni ya mwisho wa miaka ya 1960 na nusu ya kwanza ya 1970. Basi ni Novemba 1971. Nilimwuliza mzee aliinunua lini kabla sijamwambia chochote.

"Msimu wa sabini na mbili, Mwanza, duka la Mhindi."

Safi kabisa. Gurudumu la siku lilikuwa na Kiingereza upande mmoja na Kiarabu upande mwingine, dalili kwamba ilitengenezwa kwa soko la nchi za Kiarabu na ikatufikia kwa njia za wafanyabiashara wa huko.

Kitu kimoja kilinifurahisha kuliko vyote. Yangu ilisoma kumi kamili, yake inasoma nne. Mzee huweka mishale kwa saa zetu, saa kumi na mbili ikiwa pale juu alfajiri na magharibi. Sasa, tarehe kwenye saa hizi hugeuka mishale inapopita kumi na mbili, raundi moja ndiyo, raundi moja hapana. Ukiiweka hivyo, tarehe haigeuki usiku wa manane. Inageuka ama kunapokucha ama jua linapotua, kutegemea ulivyoipanga. Yeye ameipanga igeuke magharibi, na mimi ninayeambiwa tangu utoto kwamba usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi jioni, niliona saa ya Kijapani imekubali hesabu yetu bila kulalamika. Mnunuzi asiyejua angesema tarehe ni mbovu na kushusha bei kwa hilo.

Alitaka elfu thelathini. Ukiwa mnunuzi, hapa ndipo unapojijua. Nilimwambia kwamba sokoni kwangu saa hii, kamili na isiyoguswa, naweza kuiuza mia na ishirini hivi baada ya huduma, na kwamba naweza kumpa themanini. Watu barazani wakanyamaza. Shemeji alinikodolea macho. Baadaye aliniuliza kama nimekuja kufanya biashara au kugawa sadaka. Nami naishi kwa kurudi palepale. Barazani kuna watu kumi wenye saa nyumbani, na mzee aliyepunjwa leo ndiye atakayewaambia wafiche zao.

Nilidhani angesita kuachana nayo baada ya miaka yote hiyo. Wapi!

"Saa ninayo kwenye simu, mwanangu. Nyumba yangu inavuja. Themanini ni mabati mangapi siku hizi?"

Wakaanza kuhesabu mabati.

Wa pili ndiye aliyewakusanya watu. Baharia mstaafu, mrefu, mkono wake unatetemeka kidogo. Alianza kazi melini mwaka ule meli ya Victoria ilipoanza safari zake ziwani, 1961, baada ya kuletwa vipandevipande kutoka Uskoti na kuunganishwa Kisumu. Alikuwa na mpwa wake wa kumsaidia. Katika kitambaa cheupe palikuwa na Omega Seamaster, saa ya Uswisi.

Nikaosha mikono kwanza. Omega za miaka ile zina mashine ya rangi ya shaba, na namba ya mfululizo iko juu ya mashine yenyewe, kwa hiyo usipofungua hujui kitu. Katikati ya kioo cha plastiki kiwandani huchorwa nembo ndogo sana, unaiona kwa lenzi tu. Kwenye kioo hiki haikuwepo. Kioo ni cha kubadilishia. Hilo dogo. Nikafungua. Shaba safi, jina lipo, aina 565, namba inaanza na 24, yaani milioni ishirini na nne, ya katikati ya miaka ya 1960. Ilipiga vizuri: mapigo 19,800 kwa saa, nyuzi 230. Moyo wangu ulianza kwenda mbio kuliko mashine.

Kisha nikaigeuza. Farasi wa baharini, yule mwenye mkia wa samaki anayechongwa mgongoni mwa Seamaster, alibaki kivuli. Mtu alisugua mgongo wote kwenye mashine ya kung'arishia hadi uso wa farasi ukayeyuka kama sabuni, na kingo za miguu ya mkanda zikawa mviringo. Uso nao umepakwa upya, kwa ustadi kiasi, lakini alama za dakika hazigusi vizuri vijiti vya kuonesha saa, na herufi ya mwisho ya jina ni nono kuliko nyingine.

"Nilipewa na injinia Mwingereza," alisema mzee, "siku ile bendera yao iliposhushwa. Alinivulia mkononi."

Bendera ilishushwa Desemba 1961. Mashine niliyoishika ilikuwa haijazaliwa. Nilifunga mgongo taratibu, nikasema, "Alikupenda, mzee." Mkubwa hakosolewi mbele ya mpwa wake, na huenda injinia aliondoka miaka kadhaa baadaye, kumbukumbu ikaunganisha siku mbili kubwa kuwa moja. Kwa bei, hata hivyo, simulizi halibadilishi kitu. Pangekuwa na barua, risiti, au jina lake limechongwa mgongoni pamoja na mwaka, mazungumzo yangekuwa mengine.

Mpwa akatoa simu. Seamaster ya aina hiyo, milioni tatu na nusu.

"Anko, na hapo ni huko nje. Sisi tutakuachia tatu."

Nilimweleza kwamba bei anayoiona ni ya anayeomba. Mtu anaweza kuomba milioni kumi na saa ikakaa hapo mwaka mzima. Inayofundisha ni bei iliyolipwa, na katika masoko ya mitandaoni unaweza kuchuja uone zilizouzwa tu. Tukachuja pamoja. Zenye uso wa kiwandani na farasi mkali zilikwenda juu. Zilizopakwa na kusuguliwa zilikuwa chini sana, na kati ya hizo nyingine hazikupata mtu. Nikampa mpwa lenzi aangalie yeye mwenyewe ile herufi nono. Aliangalia kwa muda mrefu. Mzee akauliza anaona nini, akasema, "Naona wameipaka, mjomba."

"Nani kaipaka? Nilimpa fundi aisafishe!"

Ndivyo zinavyokwenda saa nyingi nzuri. Fundi aliambiwa asafishe, akafanya kile ambacho kila mteja hushukuru.

Nilitoa bei yangu: laki sita na nusu, pesa mkononi. Siyo bei ya hila. Huduma ya mashine hiyo na kioo cha kweli vitanila kiasi, na uso wa asili haupatikani kirahisi. Mzee alisema atafikiri. Mpwa alisema hapana. Tukanywa chai, tukazungumza kuhusu samaki.

Walionifuata nao walikuwa na vyao: saa za ukutani zilizosimama, Seiko iliyotoa unga mwekundu nilipovuta ufunguo, na dada mmoja aliyeleta Rolex ya bandia ya barabarani, iliyokuwa ikitembea kwa betri. Mshale wa sekunde uliruka hatua kwa hatua, nikamwambia aivae kwa amani bila kuiogopea vibaka.

Jumamosi, Mwanza

Nimeshuka melini nikaenda moja kwa moja kibarazani. Orient ipo tayari: nyuzi 270, inazidi sekunde nane kwa siku, na kwa saa ya umri huo sitaki hata iguswe zaidi. Fundi aliikagua Seiko ya karani kwa lenzi, akakaa kimya, kisha akasema hiyo mtu asiipake rangi. Nikamwambia arudie nirekodi. Akakataa.

Kioo chake kimekwaruzika, lakini ni kile cha kiwandani, kwa hiyo tumekubaliana kibaki. Kazi ni kuosha mashine, mafuta mapya, oringi mpya. Maji hatutayajaribu.

Saa kumi jioni mpwa wa baharia alinipigia. Kuna mtu wa mjini amewapa laki tisa kwa ile Omega, tena kwa simu tu bila kuiona. Aliniuliza kama wauze. Nikamwambia laki tisa ni bei nzuri kwa uso ule, auze, lakini amtumie kwanza yule mtu picha ya mgongo na ya ile herufi nono ili asije akarudi kudai hela yake. Akanyamaza kidogo.

"Anko, na akiziona akaghairi?"

"Akighairi, laki sita na nusu yangu bado ipo mpaka kesho asubuhi. Basi la Tabora linaondoka saa kumi na mbili."